Redio Iliyokuwa na Jicho

Wiki iliyopita simu yangu ilitumbukia kwenye maji ya kuoshea mchele, ikatoka hai lakini kipofu. Inaita, inapokea, inapiga kelele kama kawaida, ila ukifungua kamera ni giza tupu. Nikaipeleka mbio kwa kijana mmoja mwenye kibanda Mombasa, nyuma ya soko, maana dada yangu Batuli asipopata picha yangu kwa siku moja hunipigia kuuliza kama nimekufa. Yule kijana akaipasua simu tumbo, akapasha moto kile chuma chake, akagusa lehemu. Moshi mwembamba ukapanda. Harufu ile ya risasi inayoyeyuka, na plastiki iliyoungua kidogo pembeni, ikanishika pua ikanirudisha Lamu, kwenye benchi la Fundi Shee, nikiwa msichana wa darasa la nne mwenye magoti machafu na mpango mkubwa kuliko kichwa changu.

Nyumba yetu ilikuwa Mkomani, na mkuu wa nyumba alikuwa Bibi, mzaa mama. Baba alikuwa ameoa tena Malindi na alikuja kwetu kama mgeni, kwa hodi. Bibi alikuwa na sheria nyingi, lakini iliyozitangulia zote ni kwamba sura ya mwanamke haitundikwi ukutani. "Mimi si kalenda," alikuwa akisema kila anapoletewa habari ya kupigwa picha. Kwa hiyo mama yangu alipofariki, nikiwa bado natambaa sakafuni, hakuacha picha hata moja. Kulikuwa na ile ya kitambulisho tu, na kitambulisho nacho kikarudishwa serikalini. Niliichukia serikali kwa jambo hilo kabla sijajua serikali ni nani.

Aliyenilea ni Batuli. Nilimlalia mkono mpaka ukafa ganzi, akanisuka nywele huku nikilia, na kila usiku nilimuuliza swali lile lile: Mama alikuwaje? Batuli alinieleza kwa subira. Alikuwa na pua ndogo, imejikunja hapa. Alikuwa akicheka anafunika mdomo. Mimi nikifumba macho nikimuunda kichwani, lakini kila nikimuunda alitoka mtu mwingine. Mara ana pua ya mwalimu wangu wa hesabu, mara ana mdomo wa muuza mboga. Lilikuwa jambo la kuniumiza sana, na sikumwambia mtu.

Basi akatokea Twalib kuja kumposa Batuli. Sasa, wenzangu wa Lamu mnajua mambo yetu: kwetu binti haondoki. Huongezewa ghorofa juu ya ghorofa, na bwana ndiye huja na sanduku lake la nguo, akavua viatu mlangoni kwa adabu na kuuliza choo kiko wapi. Lakini Twalib alikuwa na maarifa ya kileo. Alikuwa amejenga nyumba yake Wiyoni, ya matofali na bati, na akasema mkewe atakaa huko. Loo! Bibi alinuna mwezi mzima. Wiyoni ni mwendo wa chai kupoa, unatoka nyumbani kikombe kina moshi na ukirudi bado unaweza kukinywa. Lakini Bibi alikuwa akiwaambia wageni, "Batuli mekwenda ng'ambo," wageni wakajipangusa macho, na mashangazi wakaimba nyimbo za kuagana za kuvunja mawe.

Mimi Wiyoni nilikuwa nikienda karibu kila wiki kununua mayai. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: watu wazima hawawezi kulia namna hii kwa ajili ya mahali pa mayai. Lazima iko Wiyoni nyingine, ya ng'ambo, ambayo mtu akienda hasikiki tena. Batuli alikuwa akienda huko, na mimi nitamsahau kama nilivyomsahau Mama. Nikaapa kwamba huyu hanitoki. Nitampiga picha, Bibi apende asipende.

Kamera hatukuwa nayo, na simu za kamera ndio kwanza zilikuwa zimeingia mjini, kwa watu wenye nazo. Nikaenda kwa Fundi Shee. Fundi Shee alitengeneza redio, pasi, feni, na wakati mwingine ndoa za watu, kwa maneno yake mwenyewe. Alikuwa na jibu la kila kitu, na baadhi ya majibu yalikuwa kweli. Nilipomwambia nataka kamera alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Kamera? Mbona rahisi! Kamera ni sanduku na jicho, Bi Somoe. Mengine ni mbwembwe za kiwandani."

Akanipa mzoga wa redio kaseti uliokuwa umekaa kwake miaka. Tukautoa matumbo. Jicho tulilitoa kwenye projekta iliyoungua, ya kile chumba walichokuwa wakionyeshea mpira, kioo kinene cha mviringo kilichonona kama jicho la ng'ombe. Tukalipachika nyuma ya kile kimlango cha kuwekea kaseti, kwa hiyo ukibonyeza kitufe mlango unafunguka, jicho linaona, na ukiusukuma unafunga: tak! Kwa ndani, upande wa nyuma, tulihitaji karatasi inayopitisha mwanga. Fundi Shee akatazama huku na huku, akachukua karatasi iliyofungiwa maandazi yake ya asubuhi. Ilikuwa imelowa mafuta hata unaona vidole kwa upande wa pili. Akaipachika vivyo hivyo, na chenga za sukari juu yake.

"Tazama," akaniambia, akanifunika kichwa na shuka. Kupitia kidirisha cha betri nikaona kitu ambacho mpaka leo hakuna simu iliyonionyesha mfano wake. Kichochoro kizima kilikuwa mle ndani, kidogo, kina rangi zake, kinatembea. Punda alipita. Mtu wa maji alipita. Wote walikuwa vichwa chini, miguu juu, hawana habari. Niliguta kwa furaha.

"Na inabaki?" nikauliza. "Picha inabaki?"

Hapo ndipo Fundi Shee, Mungu amrehemu, alipofanya mzaha uliokuja kumtokea puani. Akakunja uso kama sheikh anayetoa fatwa. "Inategemea mbio zako. Ukifunga upesi, sura imo ndani, haitoki. Ukichelewa, imetoroka. Na usifungue ovyo, sura ni kama kuku, ukiacha mlango wazi huzioni tena."

Nilimwamini kabisa. Akaniongezea taa ndogo nyekundu kutoka kwenye redio ile ile, akaiunga kwa lehemu na betri, akasema kamera isiyokuwa na taa nyekundu ni debe. Taa ile haikuwa na kazi yoyote duniani ila kuwaka kila nikifungua jicho. Nikatoka pale na redio yangu kwapani nikijiona mtu mzima.

Picha nilikusudia kuipiga siku ya kupamba, wakati bibi harusi anapowekwa kitini ajionyeshe kwa wanawake wenziwe, kwa maana siku hiyo Batuli atakuwa mzuri kuliko siku zote. Tatizo ni kwamba kupamba ndipo mahali pagumu kuliko pote kuingia na kamera. Wanawake wakishapita mlangoni huvua mabuibui, na humo ndani ni nywele, mabega, dhahabu, hina mpaka kwenye viwiko, mambo ambayo mwanamume wa kando hatakiwi kuyaona hata kwa ndoto. Kwa hiyo mlangoni aliwekwa Shangazi Rukia na kapu la ukili. Shangazi Rukia alikuwa na kifua kipana na imani ndogo. Kila anayeingia alitoa simu, simu ikaenda kapuni, na asiyesema kweli alipapaswa.

Nikafika na redio yangu nimeifunga leso.

"Nini hiyo?"

"Redio, Shangazi."

Akaifunua. Akaitikisa karibu na sikio. "Hii haina macho," akasema, akanipisha. "Nenda katuwekee taarabu."

Nikaingia. Ilikuwa alasiri, na jua lilikuwa likimwagika kwenye kiwanda cha nyumba, ule ua wa ndani usio na paa, mpaka kwenye kiti cha Batuli. Subhanallah! Dada yangu alikuwa amevaa kijani, asumini kichwani, macho ameyainamisha kama inavyotakiwa, hatikisiki. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Wanawake waliniuliza mbona redio hailii, nikasema betri zinapata moto, wakaniacha. Nikaielekeza kwa Batuli na kubonyeza kitufe. Kimlango kikafunguka. Kwenye karatasi ya maandazi dada yangu akatokea, kijani, kichwa chini, mzuri kupita kiasi.

Na taa nyekundu ikawaka.

"Kamera!" akapiga yowe mwanamke mmoja. "Enyi! Twapigwa!"

Nikafunga upesi. Tak! Nilifunga kwa mbio zangu zote, na moyoni nikasema, Alhamdulillahi, yumo. Baada ya hapo sijui vizuri nini kilitangulia nini. Wanawake waliyarukia mabuibui, na mabuibui yote ni meusi. Mwembamba akatoka na la mnene, mnene akakwama katika la mwembamba mikono ikiwa juu, anaita mama yake. Birika la kahawa likamwagika. Shangazi Rukia akaja mbio kutoka mlangoni, akaninyang'anya redio, na kwa kuwa hakujua jinsi ya kuizima akafanya alilolijua: akaiweka chini na kuikalia.

"Hazitoki sasa," akasema huku akihema.

Jioni hiyo redio ilifunikwa kwa kinu, na mimi nikafungiwa chumbani. Sikulia sana. Batuli yumo, nilijiambia. Hata akienda ng'ambo, yumo.

Asubuhi wanawake walirudi. Walisema wamekuja kubadilishana mabuibui, lakini hakuna aliyeondoka. Walikaa kiwandani kukizunguka kile kinu kama wanaongojea kitoe hukumu. Nilipotolewa chumbani nikawakuta katikati ya mjadala.

"Itupwe baharini," mmoja alisema.

"Ikokotwe na nyavu za wavuvi wa Mkokoni? Wanione mimi na mabega yangu mpaka bara?"

"Basi ichomwe."

"Kwanza tuhakikishe mna nini," akasema Shangazi Rukia. "Huwezi kuchoma usichokijua. Aitwe aliyeitengeneza."

Wakatazamana. Aliyeitengeneza alikuwa mwanamume. Anayeweza kuifungua hafai kuitazama, na wanaofaa kuitazama hawajui kuifungua. Waliuzungusha mkwamo huo mpaka chai ikaisha, kisha Bibi akaamua Fundi Shee aitwe, aketi nje barazani, mgongo umeuelekea mlango, na ajibu kwa mdomo tu.

Fundi Shee akaja, akaketi, akakohoa. Mlango ukaachwa wazi kidogo.

"Bwana Shee," Bibi akasema, "mna nini ndani ya sanduku hili?"

"Hamna kitu, Bibi."

"Wee umeyuaye?" Umejuaje, yaani; Bibi alisema Kiamu cha zamani, na alipokasirika kilizidi kuwa cha zamani. "Umetazama?"

"Sikutazama!"

"Basi umeyuaye?"

Alikuwa ameingia mwenyewe mtegoni. Akasema hamna kitu maana aliiunda kwa mzaha, wakamuuliza iweje mzaha uwe na taa. Akasema taa ni pambo tu, wakasema hivyo ndivyo angesema mtu mwenye picha. Mkewe, Bi Zena, ambaye jana alicheza pale bila mtandio, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba Athumani, wambie wazi. Umemuona nani humo?"

"Mke wangu, wallahi, hata wewe sijakuona!"

"Hata mimi hunioni! Mwasikia?"

Nikiwa mtu mzima nacheka nikikumbuka. Siku ile sikucheka hata kidogo, maana Shangazi Rukia alikuwa ameondoa kinu na kuishika redio, anatafuta mahali pa kuifungulia. Nikamrukia. Nikaikumbatia redio kwa mikono na miguu, nikapiga kelele wasifungue.

"Mtoto huyu ana pepo," mtu akasema.

"Mwateni," Bibi akasema, wakaniacha. "Ndoo hapa, Somoe. Nambiya. Kwani hutaki ifunguliwe?"

Nilikuwa nikilia kamasi na machozi pamoja. "Batuli yumo! Mkifungua atatoka! Anakwenda ng'ambo, nami nitamsahau sura kama Mama. Mama hamkumweka popote!"

Shangazi Rukia akaiachia redio. Nje barazani Fundi Shee alisikika akisema polepole, "Astaghfirullah, mimi nilitania tu." Bibi aliutazama mkono wake, akaizungusha pete, na nikaona kidevu chake kinamtetemeka. Sikuwahi kumuona Bibi hivyo, nikaogopa kuliko nilivyoogopa fimbo.

Kisha akanishika bega. "Tuifungue pamoya," akasema. "Mimi na wee. Kama Batuli yumo, tutamdaka."

Hilo nililikubali. Fundi Shee akaelekeza kutoka nje, kidirisha cha betri, kishikizo cha kushoto, na Bibi akafungua kwa kucha. Tukachungulia. Hamkuwa na Batuli. Mlikuwa na karatasi ya maandazi, na juu yake sisimizi, safu kwa safu, wanabeba chenga za sukari kwa bidii.

"Wamemla!" nikapiga yowe. "Wamemla Batuli!"

Hapo hata Shangazi Rukia alishindwa. Walicheka mpaka wengine wakajilaza kwenye mikeka. Katika vurugu hiyo mmoja akabonyeza kitufe, mlango wa kaseti ukafunguka, na wanawake wote wakatokea kwenye karatasi, wadogo, wa rangi, wanacheka, na sisimizi wanawatembelea usoni.

"Sote tu vitwa tini!" Bibi akasema, na kweli sote tulikuwa vichwa chini.

Basi ikawa foleni. Wale wale waliotaka ichomwe wakagombania shuka la kujifunika. Walitazamana mmoja mmoja, wakatukanana kwa mapenzi, wakaambiana nani ananenepa hata akigeuzwa. Fundi Shee kule nje akawa anauliza, "Mwaona nini? Eti, mwaona nini?" na hakuna aliyemjibu. Batuli, aliyekuwa ghorofani amewekwa ndani kama bibi harusi na hatakiwi kutoka, akachungulia kwa juu kuuliza kuna nini. Waliposimulia akaniita juu, akaniambia Wiyoni ni ile ile ya mayai. Nilimwambia aape. Akaapa.

Mchana wanawake walipokwisha kuondoka, Bibi aliniita. Alikuwa ameketi kiwandani peke yake, palepale juani. Redio alikuwa ameiweka juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, jicho limemuelekea yeye. Akauvua mtandio. Mvi zake nilikuwa sijapata kuziona mchana kweupe.

"Tazama," akasema.

"Bibi, wewe si kalenda."

"Tazama, usinighasi. Hii haibaki, hii ni kioo tu." Akajigusa pua. "Pua hii niliyo nayo ndiyo ya mamako." Kidole kikapanda machoni. "Na hapa, kwenye mato. Ondoa mikunjo, ondoa mvi. Ndiye."

Nikajifunika shuka, nikamtazama kwenye ile karatasi ya maandazi. Alikuwa kichwa chini, kwa hiyo nikajaribu kusimama mimi nami kichwa chini ili nimuone sawa, nikaanguka, redio ikaanguka, na jicho likavingirika mpaka kisimani. Bibi alicheka. Alipocheka alifunika mdomo kwa mkono. Nilikaa pale sakafuni nikamkodolea macho bila redio, bila shuka, bila kitu.

Bibi alifariki miaka mingi baadaye, bila kupigwa picha hata moja, na tuliheshimu hilo. Batuli bado yuko ng'ambo, pale pale pa mayai, na ananijazia simu kwa picha za paka wake.

Yule kijana wa Mombasa akamaliza kulehemu, akafunga simu, akanielekezea usoni. "Cheka kidogo tuijaribu, mama." Neno lile la mama bado sijalizoea, nikacheka, na mkono ukaenda mdomoni wenyewe. Akapiga. Picha ikatoka safi, nikamtumia Batuli palepale ili ajue sijafa.

Alikawia kujibu, jambo ambalo si tabia yake. Kisha ikaja sauti yake, ya chini, kama zamani tukilala. "Somoe, umempata wapi Mama?"

Kabla ya kumjibu niliigeuza simu juu chini, nikasogea kivulini, nikamtazama kwanza.